MTI WA MAISHA: ZOEZI LA UTAMBULISHO LISILOMWUMIZA MTOTO

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya kamati za sharika, walimu wa kipaimara na wahisani



Ofisi yetu mmezoea kuisikia ikieleza habari za visima, mbuzi wa maziwa, vikundi vya kuweka na kukopa, na sare za shule kwa watoto yatima. Leo tumeomba tueleze jambo dogo kuliko hayo yote, nalo ni namna mwalimu anavyofungua darasa siku ya kwanza. Jambo hili halina fungu kwenye bajeti, na pengine ndiyo maana halijawahi kuwa ajenda ya vikao vyetu. Hata hivyo, tumeona kwamba mtoto anaweza kuvishwa sare mpya, akapewa madaftari na kalamu, akafikishwa mpaka mlangoni pa darasa kwa sadaka za washarika na fedha za wahisani, kisha akaanza kuliogopa darasa hilo kwa sababu ya swali moja aliloulizwa.

Swali la siku ya kwanza

Swali hilo sote tunalijua, maana sote tuliulizwa. Mwalimu anaingia, watoto wanasimama, wanaketi. Kisha anasema: "Tuanze kufahamiana. Kila mmoja asimame, ataje jina lake, jina la baba yake, kazi ya baba yake, na mahali anapoishi." Mwalimu hana nia mbaya. Anataka ukimya uvunjike na watoto wachangamke. Isitoshe, hivyo ndivyo alivyoulizwa yeye mwenyewe alipokuwa mdogo.

Lakini tuwaangalie waliokaa mbele yake. Yupo ambaye baba yake amefariki. Yupo ambaye baba yake yuko gerezani, na kijiji kizima kinajua. Yupo aliyelelewa na bibi tangu akiwa mchanga, wala hajawahi kuambiwa baba yake ni nani. Yupo binti aliyeletwa mjini kusaidia kazi za nyumbani, na mwenye nyumba ndiye aliyemwandikisha shule. Zamu inasogea dawati kwa dawati. Mtoto huyo hasikii tena wenzake wanasema nini, kwa sababu anatafuta cha kusema itakapomfikia.

Walimu wetu wametueleza kinachotokea zamu inapofika. Mtoto mmoja ananong'ona mpaka wenzake wanacheka. Mwingine anasimama, anatazama chini, anaketi bila kusema neno. Mwingine anatunga: "Baba yangu ni dereva wa basi la mkoani." Huyu wa mwisho ndiye anayepita salama siku ile, lakini mwaka mzima anakuwa na kazi ya kulinda uongo wake. Hamwalika mwenzake nyumbani. Siku ya kikao cha wazazi haleti barua. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni msiri na hana ushirikiano.

Hata methali zetu, tunazozipenda na zinazotufunza, zinahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Tunaposema mbele ya darasa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, tunakusudia kuonya utundu. Mtoto aliyemzika mama yake mwezi wa tatu anasikia jambo jingine kabisa.

Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, wameingia darasani watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani. Hilo ni jambo la kushukuru. Maana yake ni kwamba leo karibu kila darasa lina watoto wasioweza kujibu swali lile bila kuumia. Swali la kufungulia darasa halina budi kubadilika pia.

Zoezi hili lilitoka wapi

Zoezi tunalolipendekeza linaitwa Mti wa Maisha. Mfano wa mti ulikuwa ukitumiwa tayari na wakufunzi mbalimbali. Katikati ya miaka ya 2000, Ncazelo Ncube, mtaalamu wa saikolojia kutoka Zimbabwe, aliupa mfano huo sura tunayoitumia sasa. Alifanya hivyo akiwa na REPSSI, shirika la kanda lililoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya msaada wa kisaikolojia na kijamii kwa watoto, akishirikiana na David Denborough wa taasisi ya Dulwich Centre iliyoko Adelaide, Australia.

Mtakumbuka hali ilivyokuwa miaka ile. UKIMWI ulikuwa umeacha nyumba nyingi bila wazazi, na dawa za kufubaza virusi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuwafikia watu wengi. Hapa kwetu mpango wa kutoa dawa hizo bure ulianza mwaka 2004. Mashirika yalikuwa yakiwakusanya watoto waliofiwa kwenye makambi, na waliowahudumia walikabiliwa na swali gumu: mtoto atawezaje kuzungumza juu ya yaliyompata bila kuumizwa mara ya pili?

Wakufunzi wa zoezi hili hutumia mfano wa mto. Mtu akiwa katikati ya mto wenye mamba na mkondo mkali, humwulizi pale pale aliingiaje, mamba ni wangapi, na anajisikiaje. Kwanza unamsaidia kufika ukingoni, mahali pakavu. Akishasimama hapo, anaweza kuutazama mto na kueleza. Mti wa Maisha unamtafutia mtoto ukingo wa kusimama kabla hajaulizwa habari za mto.

Nchi yetu pia ina historia katika kazi ya namna hii. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, ndiko mradi wa HUMULIZA ulikoanzia, huko Nshamba wilayani Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mradi ule uliwafundisha walimu kutambua majonzi ya mtoto aliyefiwa, na kutoka humo yatima wenyewe wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara. Kwa hiyo, tunapozungumzia moyo wa mtoto darasani hatuleti jambo geni.

Namna ya kuliendesha

Vifaa ni karatasi moja kwa kila mtoto na kalamu za rangi. Kama kalamu za rangi hazipo, penseli inatosha. Kwenye mtaa mmoja watoto walitumia mkaa na majani mabichi kupaka rangi, na michoro ikapendeza. Muda ni vipindi viwili vinavyofuatana. Mwalimu anaanza kwa kuchora mti wake mwenyewe ubaoni na kuueleza kwa ufupi. Sehemu hii isirukwe. Watoto wakimwona mwalimu ametaja kijiji chake na mtu aliyemlea, wanaelewa kwamba hapa hakuna mtihani wala hakuna jibu la kukosa.

Kisha mtoto anachora mti autakao, na mwalimu anauliza maswali sehemu baada ya sehemu.

Mizizi ni asili yake. Umetokea wapi? Nani amekulea? Nyumbani mnazungumza lugha gani? Kuna wimbo au hadithi gani uliyoisikia tangu utoto? Ndugu walimu, angalieni tofauti ilivyo ndogo kwa maneno na kubwa kwa mtoto. Hatuulizi "Baba yako ni nani?" Tunauliza "Nani amekulea?" Swali hili kila mtoto ana jibu lake, na jibu hilo kwa kawaida ni jina la mtu anayempenda.

Udongo ni maisha yake ya sasa. Unaishi na nani? Tangu unapoamka mpaka unapolala, unafanya nini? Wengine wanaandika kuchota maji, kukata majani ya ng'ombe, kubeba mdogo wao mgongoni, kucheza mpira, mazoezi ya kwaya.

Shina ni uwezo wake na mambo anayoyathamini. Hapa watoto wetu wanakwama, kwa sababu tumewalea wasijisifu, na malezi hayo ni mema. Njia ya kuwakwamua ni kumweka mtu mwingine katikati: "Bibi yako akiulizwa una uwezo gani, atasema nini?" "Mwenzako unayekaa naye angekutajia jambo gani jema?" Mtoto anayeona haya kusema "mimi ni mvumilivu" anaweza kuandika bila taabu kwamba bibi husema yeye ni mvumilivu.

Matawi ni matumaini. Unatamani nini kwa ajili yako, kwa ajili ya nyumba yenu, kwa ajili ya kijiji? Mwalimu asicheke tumaini la mtoto hata likiwa kubwa kiasi gani. Anaweza kuuliza: "Tumaini hili umekuwa nalo tangu lini? Nani alikusaidia kulishika?"

Majani ni watu walio muhimu kwake. Mwalimu aseme wazi mwanzoni kwamba wanaweza kuwa hai au wamefariki. Mtoto akiandika jina la marehemu, asiulizwe amekufaje. Aulizwe: "Mlikuwa mkifurahia nini pamoja? Angependa umkumbuke kwa jambo gani?" Kwa namna hii marehemu anabaki kwenye mti wa mtoto kama mtu aliyempa kitu.

Matunda ni zawadi alizopokea maishani. Mwanzoni watoto hutaja viatu, madaftari, sare. Ukiwapa muda wanataja zaidi: kufundishwa kusuka mkeka, kusamehewa, kukaribishwa kulala kwa jirani siku ya msiba. Kisha mwalimu anauliza: "Na wewe je, umewapa wengine nini?" Hayo yanaandikwa kama maua au mbegu.

Ndugu wahisani, tunaomba mtusikilize kwa makini kwenye swali hili la mwisho. Kwenye ripoti zetu mtoto huyu anaitwa mnufaika. Jina lake liko kwenye orodha ya wanaopokea unga, sare, bima. Mtoto naye anajua yumo kwenye orodha hiyo, na wenzake wanajua. Anaweza kukua akijiona kuwa mkono ulionyooshwa tu. Anapoulizwa ametoa nini, kwanza anashangaa. Halafu anakumbuka kwamba kila Jumamosi humchotea maji mzee wa jirani asiyeona, na kwamba mdogo wake amejua kusoma kwa sababu yeye alimfundisha kwa kijiti mchangani. Hakuna mradi uliompa vitu hivyo. Alikuwa navyo tayari, lakini hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

Kutoka mti mmoja hadi msitu

Michoro ikikamilika inabandikwa ukutani kwa wale wanaopenda. Sasa darasa lina msitu. Watoto wanapita wakitazama, na kila mmoja anaruhusiwa kuandika neno moja jema kwenye karatasi ndogo na kulibandika kando ya mti wa mwenzake. Mwalimu anauliza: miti ikisimama pamoja, upepo unaipiga kama unavyopiga mti ulio peke yake? Watoto wa vijijini wanalijua jibu kuliko sisi, maana wameona migomba iliyo pembezoni mwa shamba inavyoangushwa kwanza.

Tukitaja migomba, tuseme jambo lililotokea kwenye darasa moja la tano. Binti mmoja alichora mgomba. Mwalimu akamwambia kwamba mgomba si mti, achore mwembe au mparachichi. Binti akajibu kwa upole kwamba kwao hakuna mwembe, na tena bibi akikata mgomba, mtoto wa mgomba ndiye anayebaki, na shamba haliishi. Binti huyo analelewa na bibi. Mwalimu alinyamaza, akamwacha amalize mgomba wake. Yeye ndiye aliyetusimulia, akasema kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumsikia mtoto yule akisema sentensi ndefu namna hiyo.

Zoezi kamili lina sehemu mbili zaidi. Baada ya msitu hufuata mazungumzo juu ya dhoruba, yaani misukosuko inayowapata watoto, na mwisho hutolewa vyeti na nyimbo za kusherehekea. Mazungumzo ya dhoruba huendeshwa kwa lugha ya wote. Mtoto haulizwi habari zake, bali darasa huulizwa: miti hupatwa na dhoruba gani? Je, dhoruba ni kosa la mti? Ndege na wanyama hufanya nini dhoruba ikija? Je, dhoruba hudumu siku zote? Kutoka hapo watoto huanza kutaja yanayowapata watoto wa rika lao na njia wanazotumia kujikinga.

Ushauri wetu kwa sharika ni huu. Kwa siku ya kwanza ya darasa, iwe shule, iwe kipaimara, iwe shule ya Jumapili, fanyeni mti na msitu tu. Sehemu ya dhoruba isubiri mwalimu aliyepata mafunzo, na isubiri darasa ambalo tayari linaaminiana. Kuufungua moyo wa mtoto kisha kengele ikalia, mwalimu akafunga daftari akaondoka, ni kumrudisha katikati ya mto.

Mipaka ya zoezi

Zoezi hili si tiba. Halimwondolei mtoto njaa wala halimrudishii mzazi. Kwa hiyo tunaomba kila mwalimu ashike mambo manne.

Kwanza, hakuna kulazimisha. Mtoto akiacha mizizi wazi, iachwe wazi. Akitaka kugeuza karatasi isionekane, aigeuze.

Pili, mwalimu asisahihishe. Kalamu nyekundu haina kazi hapa, hata kama tahajia imekosewa.

Tatu, yaliyosemwa darasani yasigeuke hadithi ya ofisi ya walimu, wala ya baraza la wazee, wala ya njiani baada ya ibada. Mtoto akisikia siri yake kwa mtu mwingine, hatasema tena, na wenzake wote watajifunza kunyamaza.

Nne, mwalimu ajue pa kwenda. Itatokea mtoto mmoja, kwa maneno au kwa kuchora, akaonyesha kwamba anapigwa au anadhulumiwa. Hapo mwalimu asifanye upelelezi wake, na asimwite mtuhumiwa wayamalize kifamilia. Yupo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, lipo Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na ipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, isiyotozwa gharama. Namba hiyo ibandikwe kwenye kila ofisi ya usharika na kwenye kila darasa.

Tuliyoyaona

Mwalimu mmoja alikuwa na mvulana anayechelewa kila siku, na kila siku alimpa adhabu ya kufagia uwanja. Kwenye sehemu ya udongo mvulana akaandika: kukamua ng'ombe, kupeleka maziwa, kumwamsha babu, kuja shule. Mwalimu alisoma, akahesabu saa. Hakusema kitu mbele ya darasa. Alikwenda kumwona babu, na wakakubaliana na jirani mwenye baiskeli awe anachukua yale maziwa. Mvulana bado huchelewa siku za mvua, lakini adhabu imekwisha.

Kwenye darasa la kipaimara, vijana wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ugomvi wa mpaka wa mashamba ya wazazi wao waligundua kwamba kwenye majani wameandika jina moja, la mama mzee aliyewafundisha wote wawili shule ya Jumapili. Ugomvi wa mpaka uko palepale kwenye baraza la kata. Vijana wale wanakaa benchi moja.

Nje ya Afrika pia zoezi hili limepokelewa. Jijini London wanasaikolojia wamelitumia kwenye shule zenye watoto wa familia za wakimbizi, zikiwemo familia zilizotoka Afrika. Tunalitaja kwa sababu mara nyingi mbinu za kufundishia huja kwetu kutoka huko. Hii imetoka kusini mwa Afrika, kwa watoto wa kijijini, ikaenda huko.

Michoro ni ya nani?

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa tulizungumze kwa uwazi, kwa kuwa wahisani mko hapa na kamati ziko hapa.

Michoro hii inavutia. Mtu akiona mti wenye jina la mama aliyefariki kwenye jani, umeandikwa kwa mkono wa mtoto wa miaka 10, moyo wake unaguswa na mfuko wake unafunguka. Tunajua. Tumekwisha kuombwa na mhisani mmoja tumpelekee michoro pamoja na picha za watoto, majina yao na maelezo mafupi ya msiba wa kila mmoja, kwa ajili ya kalenda ya kuchangisha fedha. Ombi lilikuja kwa nia njema, na fedha zile zingelipia mafunzo ya walimu wa jimbo zima.

Tulijibu hapana, kwa heshima. Tulieleza kwamba mtoto alichora akiwa ameambiwa karatasi ni yake. Tukimchukulia karatasi ile na kuiuza huruma yake, tutakuwa tumemfanyia lile lile la swali la siku ya kwanza: tumemsimamisha mbele ya watu aseme baba yake yuko wapi, safari hii mbele ya watu asiowajua kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unalinda faragha yake. Na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini hata kama sheria hizo zisingekuwepo, ahadi kwa mtoto ni ahadi.

Barua yetu bado haijajibiwa, na huenda fedha zile zisije. Tunawaambia jambo hili mapema ili kamati zisije zikasikia pembeni kwamba ofisi ya miradi imekataa msaada. Tumekataa sharti moja. Msaada tunauhitaji, na tunawaomba wahisani mlio hapa mpokee taarifa ya namna nyingine kutoka kwetu: walimu wangapi wamefundishwa, madarasa mangapi yameanza mwaka kwa zoezi hili, watoto wangapi wamefikishwa kwa ustawi wa jamii na wakapata huduma, bila majina. Mkitaka kuona michoro, karibuni darasani. Mtoto atakayetaka kuwaonyesha mti wake atawaonyesha mwenyewe, na atawaeleza kwa kinywa chake. Ninyi pia mtapewa karatasi mchore.

Tunachoomba kwa kamati

Ndugu wajumbe, mti hauendi ila kwa nyenzo. Tunaomba mambo matatu mnapopanga bajeti ya mwaka ujao.

La kwanza, kila usharika utenge fungu dogo la karatasi na kalamu za rangi kwa darasa la kipaimara na shule ya Jumapili. Gharama yake haifikii ya chakula cha kikao kimoja.

La pili, kila usharika uchague walimu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wahudhurie mafunzo ya siku tatu. Tusitume wale wale wanaohudhuria kila semina. Tumeni wale ambao watoto huwafuata baada ya ibada.

La tatu, na hili ndilo kubwa, kamati zenyewe zifanye zoezi. Kabla ya kujadili majina ya watoto watakaosaidiwa, kila mjumbe achukue karatasi achore mti wake: nani alimlea, nani alimlipia ada, matunda gani alipokea bila kustahili. Tumeona vikao vilivyoanza hivi. Orodha ya watoto ilijadiliwa kwa sauti ya chini zaidi, na hakuna aliyesema "hawa wa familia ile tumekwisha kuwasaidia vya kutosha."

Mwezi Januari shule zitafunguliwa. Watoto wetu wataingia kwenye madarasa mapya, na wengi wao watakuwa hawamjui mwalimu. Tungependa mwaka huo, mwalimu atakaposema "Tuanze kufahamiana," mtoto anayelelewa na bibi asianze kutafuta cha kudanganya. Aanze kutafuta kalamu ya rangi ya kijani.

Baada ya chakula cha mchana tutagawa karatasi humu ukumbini, na tutaanza na meza ya wachungaji.